Mbegu za Septemba

Ndege ilipoanza kushuka kuelekea Minneapolis niliona maji kabla sijaona mji. Jimbo la Minnesota lina maziwa zaidi ya 11,000, na ukiwa juu unaamini. Katikati ya maji hayo zimejipanga nyumba, na kila nyumba imezungukwa na nyasi: hapa kijani, pale zimekauka kabisa. Ilikuwa mapema Septemba. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam nikapitia Amsterdam, na ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki.

Uwanjani afisa wa forodha aliniuliza kama nimebeba chakula, mbegu, mimea au udongo. Nikamjibu sina. Mama alikuwa amemfungia dada mbegu za mchicha na mlenda, nikamweleza kwamba Marekani mbegu haziingii hivihivi bila vyeti vya afya ya mimea, akazirudisha kwenye kopo lake. Swali la afisa yule naliona la haki. Mwaka 1916 mbawakawa kutoka Japani alionekana kwa mara ya kwanza kwenye kitalu kimoja huko New Jersey. Leo ameenea sehemu kubwa ya mashariki na kati ya nchi, na funza wake nilikuja kuwakuta kwenye udongo wa dada yangu.

Dada anaishi Brooklyn Park, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, ukingoni mwa mto Mississippi. Zamani hapo palikuwa na mashamba ya viazi, maana udongo wake ni wa kichanga, mwepesi kuchimbika. Siku hizi ni mitaa ya nyumba, na ukienda dukani unaweza kupishana na Wakenya wanaoongea Kiswahili na Waliberia wenye Kiingereza chao cha Monrovia. Nilidhani nimekwenda kusalimia na kutembezwa. Jioni ileile mume wa dada alinitoa nje.

"Shemeji, umekuja wakati wenyewe," akasema. "Wiki hii tunapanda nyasi."

Nikatazama miti. Majani ya vileleni yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Hewani kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Dada mwenyewe alikuwa ameniandikia kwamba nije na koti zito kwa sababu Oktoba kuna jalidi. Nikamuuliza shemeji, kwa adabu, ni mmea gani unaopandwa baridi inapobisha hodi.

Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu ukitaka ukoka mbele ya nyumba unasubiri masika yashike, unaomba kwa jirani kikapu cha vipando, unavikatakata, unavifukia mstari kwa mstari, na mvua inamaliza kazi. Sijawahi kumwona mtu wa kwetu akinunua mbegu za ukoka. Unatambaa wenyewe, unang'ata ardhi kila kifundo, na mwaka wa pili unahangaika kuuzuia usiingie kwenye mihogo. Majira ya kupanda yanaletwa na mvua. Kwa hiyo macho yangu yote yalikuwa mawinguni, kumbe Minnesota jibu liko chini ya miguu.

Aliyenifungulia mlango huo ni mzee jirani, mstaafu, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alikuja na kipimajoto chembamba cha chuma, akakichomeka ardhini, tukasubiri. Hewa ilikuwa imeshapoa sana, lakini kina cha kidole udongo ulikuwa bado na nyuzi 19. Joto la kiangazi huondoka hewani upesi, ardhini huondoka polepole. Mbegu za nyasi za nchi za baridi huota vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 10 na 18 hivi, na Septemba huko udongo unashuka taratibu kuelekea hapo huku jua likipoteza ukali, umande ukikaa hadi saa nne asubuhi, na maji yakikawia kukauka. Mche unapata joto miguuni na ubaridi kichwani. Ukikosa kipindi hicho, kuanzia katikati ya Agosti hadi karibu tarehe 20 Septemba, unapanda mche ambao jalidi itaukuta bado haujashika.

Nikauliza kwa nini wasingoje theluji iyeyuke, wapande Aprili, wakati kila kitu kinafufuka. Mzee akachuma jani moja pana lililolala chini kandokando ya njia ya gari, akanipa. Nililitambua ukoo wake palepale. Ni jamaa wa sangari, yule adui wa mashamba ya kwetu. Wote wawili wataalamu wa mimea huwaita Digitaria. Tofauti ni kwamba sangari anaishi miaka na miaka kwa mizizi yake ya chini, na huyu wa Minnesota anaishi msimu mmoja. Anaota majira ya kuchipua udongo ukifika nyuzi 13 hivi, anatawala kiangazi chote, anamwaga mbegu, kisha jalidi ya kwanza inamuua. Ukipanda nyasi Aprili unazipanda ndani ya mdomo wake. Na dawa nyingi zinazonyunyizwa mapema kumzuia asiote hazichagui. Zinazuia na mbegu zako. Halafu mche wa Aprili unaingia Julai ukiwa na mizizi mifupi, wakati hata nyasi kongwe zinalala kwa joto. Mche wa Septemba unapata vuli nzima ya kutia mizizi, unapumzika chini ya theluji, unapata na majira ya kuchipua, ndipo ukutane na jua kali.

Maelezo hayo yalinikaa. Niliona kwamba watu wale wanafanya kilimo, kilimo cha kweli, ingawa hakuna kitakachovunwa.

Kesho yake tukakagua. Nyasi za dada zilikuwa na magonjwa matatu yanayoonekana kama moja. Upande wa jua, mbele ya nyumba, zilikuwa zimelala tu kwa kiangazi, ukivuta, zimeshika. Nyuma, watoto wanapochezea mpira, udongo ulikuwa umegandamizwa hadi maji yanatiririka juu badala ya kuzama, japokuwa ni kichanga. Na chini ya mti mkubwa wa mepo, ule ambao utomvu wake huchemshwa ukawa asali nzito, palikuwa na vipara vitupu: kivuli, na mizizi ya mti inayonyonya kila tone. Palikuwa na kipande cha nne kilichotutia shaka, cha manjano, laini kukanyaga. Mzee akakata pande la udongo la futi moja kila upande kwa sepetu, akalikunja kama mkeka. Funza weupe waliojikunja walikuwa watatu. Akasema wakifika kumi hivi katika eneo kama hilo ndipo unafikiria dawa. Watatu waachie ndege. Nilifurahi kusikia hivyo. Shemeji alikuwa tayari ameshika funguo za gari kwenda kununua sumu, na sumu hiyo ingemwagwa pale ambapo watoto wangelala chali wakitazama mawingu.

Dukani ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika safari ile, ukiondoa vitanda na viti vya ndege. Mifuko ya mbegu ilijaa ukuta mzima, kila mmoja una picha ya uwanja wa kijani usio na dosari. Dada alinivuta mkono, akaugeuza mfuko. "Mdogo wangu, picha achana nayo. Soma huku nyuma."

Nyuma kuna kibandiko kidogo ambacho sheria ya shirikisho ya mbegu ya mwaka 1939 ndiyo mama yake. Kinataja kila aina ya nyasi iliyomo na asilimia yake kwa uzito, asilimia ya mbegu zitakazoota, kiasi cha takataka, kiasi cha mbegu za magugu, na lini mbegu zilipimwa. Mfuko wa bei ya chini kabisa ulikuwa umejaa raigrasi ya mwaka mmoja. Inaota haraka, inakufurahisha Oktoba, inakufa majira ya baridi, na Aprili umerudi kwenye udongo mtupu. Mwingine ulikuwa mzito mkononi, lakini karibu nusu ya uzito ni unga uliopakwa kwenye mbegu ili ushike maji. Unga huo una kazi yake, ila mnunuzi lazima ajue analipia nini. Laiti maduka yetu ya pembejeo yangekuwa na vibandiko vinavyosomeka namna ile kwenye kila mfuko wa mahindi, na laiti sisi tungekuwa na mazoea ya kuvisoma. Nimeona wakulima Muheza wakiwekeza fedha ya mwaka mzima kwenye mbegu bila kuangalia hata tarehe.

Tulichukua aina tatu. Kwa upande wa jua, mchanganyiko wa blugrasi ya Kentucky na raigrasi ya kudumu kidogo. Blugrasi hiyo haikuzaliwa Kentucky. Ilivuka bahari na walowezi kutoka Ulaya, ikapenda udongo wa huko. Sifa yake ni vitambaazi vya chini ya ardhi vinavyoziba mapengo vyenyewe, tabia ambayo mtu aliyelelewa na ukoka anaielewa bila kuelezwa. Kwa uwanja wa mpira, feskyu ndefu, yenye mizizi inayokwenda chini sana na kuvumilia ukame wa udongo wa kichanga. Kwa chini ya mepo, feskyu nyembamba, zinazostahimili kivuli na hazidai mbolea nyingi. Chuo Kikuu cha Minnesota kimezifanyia utafiti kwa miaka mingi na kuzipigia debe. Niliuliza kama ukoka wetu haupo. Upo Marekani, tena ndio uwanja wa nyumba nyingi za majimbo ya kusini, ukiwa umebandikwa jina la visiwa vya Bermuda. Minnesota hauwezi kuvuka majira ya baridi.

Upande wa mbolea nilikuta jambo lililonigusa zaidi. Kila mfuko una namba tatu, za naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na karibu kila mfuko namba ya katikati ni sifuri. Mwaka 2002 Minnesota ilipitisha sheria ya kuzuia fosforasi kwenye mbolea za nyasi. Ikaanza kutumika Minneapolis na miji inayoizunguka mwaka 2004, na jimbo zima mwaka 2005. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake kwa jimbo zima nchini humo. Fosforasi inayosombwa na mvua kutoka uani huishia ziwani, na ziwani hulisha mwani hadi maji yanakuwa mazito ya kijani na samaki wanakosa hewa. Anayepanda nyasi mpya anaruhusiwa kuiweka, au yule ambaye udongo wake umepimwa ukaonekana una upungufu. Dada alikuwa amepeleka udongo wake maabara ya chuo mwezi Julai. Majibu yalisema fosforasi imejaa tele. Akapita kwenye mifuko ile bila kugeuka. Yale maziwa niliyoyaona kutoka angani, kumbe kuna mtu amesimama dukani akiyalinda kwa kutokununua kitu.

Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi moja nzuri. Kwanza nyasi zilizopo zikafyekwa fupi, kama sentimita nne, na mabua yote yakakusanywa ili mbegu ione ardhi. Kisha reki. Mzee alisisitiza reki kuliko kitu kingine: chini ya nyasi kongwe hujengeka tabaka la mizizi mikavu na vishina, na likizidi sentimita moja na kidogo mbegu hukaa juu yake bila kugusa udongo, inaota, inakauka, inakufa siku hiyohiyo. Tulivuta hadi viganja vikauma. Tulipomaliza, uwanja ulikuwa unatisha kutazama, umechanika vibaya. Mzee akasema ndivyo unavyotakiwa uwe.

Nyuma tulipitisha mashine ya kukodi. Ina meno ya chuma yaliyo wazi ndani, yanayozama sentimita tano hadi nane, yanang'oa vipande vya udongo na kuviacha juu. Vipande hivyo huachwa hapohapo, vipondeke kwa mvua na kurudi chini. Shemeji aliipitisha mara mbili, wima na mlalo, inamrukaruka mikononi, na nilipopokezwa nikaelewa kwa nini alikuwa kimya. Lakini ukimwaga maji baada ya hapo, yanazama. Pale ambapo mvua ya juzi ilitiririka hadi barabarani, maji ya mpira wa kumwagilia yalimezwa yote.

Mbegu tulizipima kwa mizani ya jikoni. Feskyu ndefu kama gramu 40 kwa mita moja ya mraba penye udongo mtupu, nusu yake penye nyasi chache. Blugrasi gramu 10 tu, kwa sababu mbegu yake ni ndogo mno: kilo moja ina mbegu zaidi ya milioni mbili, wakati kilo ya feskyu ndefu ina kama laki tano. Kila fungu tuligawa mara mbili, nusu ikamwagwa ukitembea kaskazini kusini, nusu ukitembea mashariki magharibi, pasibaki michirizi. Kusia nilijua, mkono wangu umezoea mpunga, na nilikuwa na furaha isiyofichika nilipoachiwa kipande cha chini ya mepo nikisie kwa mkono. Halafu reki tena, mgongo wake, kwa wepesi, mbegu zizame milimita chache tu. Mwisho mboji iliyochekechwa, nyembamba kiasi kwamba bado unaiona ardhi. Kwenye udongo wa kichanga mboji hiyo ndiyo inayoshika maji kati ya kumwagilia na kumwagilia.

Baada ya hapo ni maji. Si mengi: kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, ili sentimita ya juu isikauke hata kidogo. Mbegu iliyokwisha kulowa ikaanza kupasuka haina njia ya kurudi nyuma. Dada alikuwa na zamu hospitalini, shemeji huendesha basi la shule asubuhi na alasiri, kwa hiyo maji yakawa yangu. Nilihamisha kinyunyizi, nikakunja mpira, nikafukuza kindi waliokuja kufukia njugu zao katikati ya kitalu. Watoto waliporudi kutoka shule walipita pembeni, na mdogo aliwasimamia wenzake wa mtaani: "Msikanyage! Mjomba wangu amepanda!" Sijui kama kuna sifa niliyowahi kupewa nikaipenda hivyo.

Raigrasi ilitoka kwanza, kabla wiki haijakwisha vizuri, nyuzi za kijani zinazoonekana ukiinama tu. Feskyu ikafuata wiki ya pili. Blugrasi ikakaa kimya, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, wakaacha kumwagilia. Yenyewe huchukua wiki mbili hadi nne. Dada alianza kusema huenda mbegu zilikuwa mbovu. Nikamkumbusha kibandiko, asilimia na tarehe. Ilipotoka, ilitoka nyembamba sana kati ya raigrasi iliyokwisha kusimama, na mzee alipita akapiga goti kuitazama kwa karibu, akaridhika.

Kipindi hicho cha kungojea ndicho kilichonipa nafasi ya kuwaza juu ya nyasi hizi zote. Mpaka mwaka 1830, Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, aliposajili mashine ya kwanza ya kukatia nyasi, uwanja wa namna hii ulikuwa wa mwenye kondoo wengi au vibarua wenye mafyekeo. Leo ni wa kila mtu. Mwaka 2005 mtafiti Cristina Milesi, akitumia picha za setilaiti, alikadiria kwamba nyasi za majumbani, viwanjani na kwenye gofu Marekani zinafunika kama kilomita za mraba 128,000, zaidi ya mara nne ya mkoa wa Tanga, na kwamba kwa eneo huenda ndilo zao linalomwagiliwa kuliko yote nchini humo. Hilo si jambo dogo, na sioni kwa nini kila pembe ya uwanja iwe nyasi. Nilimwambia dada. Kumbe alikuwa ameshaamua: mteremko wa mbele, ambao hakuna mtoto anayeuchezea, hatuupandi nyasi kamwe. Jimbo lina mpango ulioanza mwaka 2019 wa kuwasaidia wenye nyumba gharama za kupanda maua na mikunde inayolisha nyuki, na mwaka huohuo nyuki-bambi mmoja aliye hatarini kutoweka alitangazwa kuwa nyuki wa jimbo. Uwanja wa nyuma ni wa watoto, na watoto wanahitaji nyasi. Mgawanyo huo naukubali kwa moyo wote.

Oktoba ilipoanza, miche ikafika urefu wa kidole. Tulinoa kisu cha mashine, maana kisu butu hung'oa mche mchanga badala ya kuukata, tukakata theluthi ya juu tu. Maji tukayageuza: mara chache, lakini mengi, ili mizizi ifuate chini. Majani ya mepo yalipoanza kuanguka kwa wingi tukawa tunayaondoa kila siku mbili tatu, kwa sababu yakilala juu ya miche yakalowa yanainyima mwanga, na yakifunikwa na theluji ukungu unatafuna kilicho chini yake. Jalidi ya kwanza ilikuja nikiwa bado huko. Asubuhi ile yule jamaa wa sangari alikuwa amekuwa mwekundu na kulegea kote kandokando ya njia ya gari, na nyasi zetu zimesimama.

Chini ya mepo ndiko kazi haikukamilika. Nusu ya feskyu nyembamba ilishika, nusu mti uliwahi maji yake. Mzee alisema bado ipo nafasi moja: Novemba, kabla theluji haijakaa, udongo ukishuka chini ya nyuzi 4. Ukimwaga mbegu kabla ya hapo zitaota na kuuawa na baridi. Ukimwaga wakati huo haziwezi kuota, zinavutwa ardhini na kuganda na kuyeyuka kwa udongo, zinaota zenyewe majira ya kuchipua. Unazidisha kiasi kidogo, maana nyingine huliwa na ndege. Kabla sijafunga sanduku tulipima zilizobaki, zikatosha. Dada akazitia kwenye mfuko mkavu, akamwomba mzee kipimajoto chake, na mimi nikamwachia reki ndogo ambayo watoto wanaiweza.